Alfajiri, jumuiya au mkesha? Kuchagua njia ya sala utakayodumu nayo Dar es Salaam

Ukitaka kusali Dar es Salaam, nafasi haikosekani. Kuna ibada ya asubuhi kabla ya kazi, kuna jumuiya, kuna maombi ya katikati ya wiki, kuna mkesha wa Ijumaa, na siku hizi kuna kundi la WhatsApp linaloamshana saa kumi na moja alfajiri. Shida ya wengi ninaozungumza nao ni kudumu. Wanaanza vizuri Januari, kwenye zile siku za kufunga na kuomba ambazo makanisa mengi hufungulia mwaka. Ikifika Machi, sala imerudi kuwa ile ya kubariki chakula na ile ya kulala. Kisha wanajilaumu kwamba hawana bidii.

Naamini mara nyingi bidii ipo, ila uchaguzi ndio uliokosewa. Mtu amechukua utaratibu wa mwenzake mwenye kazi nyingine na nyumba nyingine, akaufuata kama ulivyo. Kwa hiyo hapa naziweka njia zenyewe sambamba: kila moja inakupa nini, inakudai nini, inamfaa nani. Mimi ni Mlutheri, lakini nimesali na Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, na kote nimepata kitu cha kurudi nacho nyumbani. Nitasema pia ninayoiona bora, maana anayetaka kuchagua hasaidiwi na mtu anayesifia kila kitu.

Saa: alfajiri, usiku au njiani

Maandiko hayakufunga saa moja. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Petro na Yohana walikuwa wakipanda hekaluni saa tisa mchana, saa ya kusali (Matendo 3:1). Bwana wetu mwenyewe, baada ya jioni ndefu ya kuponya wagonjwa Kapernaumu, "alfajiri na mapema sana akaondoka" akaenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35). Lakini kabla ya kuwachagua wale Thenashara alikesha usiku kucha akimwomba Mungu (Luka 6:12). Anayekuambia kwamba asiyeamka saa tisa usiku hajaomba, anakutwika mzigo ambao Maandiko hayakuuweka.

Hata hivyo, kwa mtu wa Dar, alfajiri ina faida ambayo saa nyingine hazina: jiji bado halijakudai. Anayekaa Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju na kazi yake iko Posta au Kariakoo, akishatoka nje ya geti siku si yake tena. Anarudi saa mbili usiku, foleni imemchosha, joto limemmaliza, na bado kuna kupika na kukagua madaftari ya watoto. Uswahilini huhitaji hata alamu. Adhana ya alfajiri inasikika saa kumi na moja hivi, ikitangulia au kuchelewa kidogo kutegemea miezi; jirani anashika njia ya msikitini, nawe unakaa na Biblia yako.

Gharama yake ni usingizi, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanapanga kuamka saa kumi bila kugusa saa ya kulala. Sala ya alfajiri inaanza usiku wa jana, pale unapozima televisheni saa nne tamthilia ikiwa imenoga. Asiyeweza kuizima asijipangie alfajiri; ataamka siku tatu, ya nne atalala mpaka jua linachomoza.

Gharama ya pili ni mahali. Mwenye chumba kimoja anacholala na mwenzake na watoto wawili hana hicho "chumba cha ndani" cha Mathayo 6:6, wala mlango wa kufunga. Wapo wanaotoka uani na kigoda kabla wapangaji wengine hawajaanza kugombea bafu. Wapo wanaofika kazini nusu saa kabla ya wenzao. Na kwa wanaofanya kazi mjini, makanisa ya zamani yanasaidia sana. Kanisa Kuu la Azania Front la Walutheri na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote mawili ya tangu enzi za Wajerumani, yamekaa karibu karibu upande wa bandarini. Ukishuka mwendokasi Kivukoni unayafikia kwa miguu. Ukikuta mlango uko wazi, robo saa kwenye benchi la nyuma ni faragha ya kutosha, hata kama nje honi hazikomi.

Usiku unamfaa zaidi mama mwenye mtoto mchanga, au mtu ambaye akili yake huchangamka watu wakishalala. Kwa saa hiyo napendekeza njia aliyoifundisha Ignatius wa Loyola katika karne ya 16, ambayo Wajesuiti wanaitumia mpaka leo: unamshukuru Mungu kwa siku, unaomba mwanga wa kuiona ilivyo, unaipitia tangu ulipoamka, unatubu palipoharibika, unaikabidhi kesho. Inatosha dakika kumi na tano. Udhaifu wa usiku unajulikana. Wanafunzi pale Gethsemane walilala, na walikuwa na Bwana mwenyewe hatua chache mbele yao.

Njiani je? Kwenye daladala au mwendokasi, umesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika mkoba, husomi kitu. Hapo zinafaa sala fupi za kurudiarudia. Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 5, aliandika kwamba wazee wa jangwani Misri walimfundisha kushika mstari mmoja tu wa zaburi kwa kila hali: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima" (Zaburi 70:1). Waorthodoksi wana sala yao ya Yesu, iliyo na sauti ya yule mtoza ushuru: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi" (Luka 18:13). Kati ya Kimara na Kivukoni unaweza kuutaja mstari kama huo mara nyingi sana, polepole, bila mtu kujua. Naiheshimu mno sala hii, lakini siioni kuwa msingi. Inaendeleza kilichoanzwa mahali pengine. Asiyekuwa na mahali pengine kabisa aishike kwa moyo wote. Aliye napo, asijidanganye kwamba foleni imemtosha.

Maneno: ya kitabuni au ya moyoni

Hapa ndipo Wakristo wa jiji hili wanapodharauliana kimyakimya. Aliyelelewa kwenye liturgia anaona wale wa maombi ya sauti kubwa hawana utaratibu. Aliyeokoka kwenye kanisa la kiroho anaona anayesoma sala kitabuni hajaomba. Nimekaa pande zote mbili, na naona kila mmoja anamcheka mwenzake kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anakihitaji.

Sala zilizoandikwa, yaani Masifu ya asubuhi na ya jioni na rozari za Wakatoliki, sala za asubuhi na jioni za Waanglikana, liturgia yetu Walutheri, zinakupa maneno siku ambayo huna neno. Na siku hizo ni nyingi. Umefiwa, umefukuzwa kazi, au umechoka tu. Ukingojea moyo upate maneno yake, utangojea wiki. Pia zinakutoa kwenye mambo yako. Kitabu kitakufanya uwaombee wafungwa, wasafiri na watawala hata siku ambayo ulitaka kuombea kodi ya nyumba peke yake. Rozari inakupitisha kwenye maisha ya Kristo tangu kupashwa habari kwa Maria hadi ufufuko na utukufu, na tangu mwaka 2002, Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza mafumbo ya mwanga, inapita pia kwenye ubatizo wake, harusi ya Kana na karamu ya mwisho. Hatari yake kila mtu anaijua: midomo inatembea, moyo umebaki kitandani. Isaya aliliona hilo zamani (Isaya 29:13).

Maombi ya kumimina moyo yanakupa ukweli. Hana kule Shilo hakusoma popote. Aliomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa (1 Samweli 1). Aliyezoea kitabu tu anaweza kukaa miaka bila kumwambia Mungu kile hasa kinachomuuma. Lakini njia hii nayo ina ugonjwa wake, na wanaoipenda hawausemi sana: inaishiwa. Ukisikiliza maombi yako mwenyewe wiki mbili mfululizo, utakuta ni mambo yaleyale matano, kazi, kodi, ndoa, afya na maadui, kwa maneno yaleyale, huku sauti ikipanda zaidi kufidia. Wengi wanaokatiza maombi wameishia hapo. Hawakumchoka Mungu, wamechoka kujisikiliza.

Ndiyo maana napendekeza njia ya kati: maneno yatoke kwenye Maandiko, na moyo uyajibu. Hii ndiyo sehemu ya ulinganisho ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu nimeiona ikiwashika watu wa makanisa yote.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyemwomba amfundishe kusali. Jibu lake lilikuwa la kutumika. Alimshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, kisha akamwonyesha jinsi ya kuchukua amri moja, au kipande cha Imani, yaani lile ungamo la "Naamini", na kukigeuza kwa namna nne: kinanifundisha nini, namshukuru Mungu kwa lipi, naungama nini, naomba nini. Namna hizo nne zinafanya kazi hata kwenye Sala ya Bwana. Chukua "Utupe leo riziki yetu", na tuseme wewe ni mama lishe pale Buguruni. Mafundisho: riziki ni ya leo, na anayeitoa ni Baba, hata kama inapita kwenye sufuria lako. Shukrani: jana wali uliisha kabla ya saa nane. Toba: ulimpunja yule kijana wa bodaboda nyama kwa sababu ulijua hatalalamika. Ombi: mkaa umepanda bei, Bwana, na neno ni "yetu", basi umkumbuke na jirani yangu wa meza ya pili ambaye wiki hii hajauza. Hapo dakika kumi zimepita, hujarudia neno, na umesali kuhusu maisha yako yenyewe.

Aliye mtulivu zaidi atapenda njia ya Guigo wa Pili, mtawa wa Kikartusi wa karne ya 12, aliyeeleza ngazi yenye hatua nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu. Tofauti iko hapa: ya Luther inakupa kazi ya kufanya, kwa hiyo inamfaa mtu ambaye mawazo yake hayatulii, ya Guigo inakutaka unyamaze, na kunyamaza kunahitaji mahali na kunahitaji mazoezi. Kwa anayeanza kwenye nyumba ya kupanga, yenye redio kila dirisha, naona aanze na ya Luther.

Ukitaka kitu chepesi kuliko hizo mbili, fuata Zaburi kwa tarehe. Zaburi ni 150. Ukigawa kwa siku 30 unapata tano kwa siku. Tarehe 7, kwa mfano, chagua moja kati ya Zaburi ya 7, 37, 67, 97 na 127. Isome kwa sauti ndogo, simama kwenye mstari uliokugusa, uugeuze kuwa ombi. Uzuri wa Zaburi ni kwamba hazitakuruhusu kuigiza. Utakutana na ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuisha gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Anayeshinda Muhimbili akiuguza mtoto anahitaji sala ya namna hiyo kuliko wimbo wa ushindi anaolazimishwa kuuimba.

Watu: jumuiya, mkesha au mnyororo

Kusali peke yako kuna kina, ila ni rahisi kukuacha. Hakuna anayejua ulipoacha. Ndiyo maana kila kanisa limetafuta namna ya kuwakutanisha watu.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970. Walutheri nasi tuna jumuiya zetu za mitaani, na makanisa ya Kipentekoste mengi yana makanisa ya nyumbani. Ukifika kwenye jumuiya ya Jumamosi asubuhi, utakuta viti vya plastiki vimepangwa uani, kanga imetandikwa juu ya stuli, msalaba na mshumaa juu yake. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina." Rozari, kisha Injili ya Jumapili, mara nyingi kwa zile hatua saba zilizotoka Lumko, Afrika Kusini: mnamkaribisha Bwana, mnasoma, kila mtu anarudia neno lililomgusa, mnakaa kimya, mnashirikishana, mnajadili la kufanya, mnamalizia kwa sala za papo hapo. Bibi asiyejua kusoma anarudia maneno matatu aliyoyasikia, na mara nyingi ndiyo yanayobaki vichwani wiki nzima.

Faida yake ni kwamba ukikosekana mara mbili, mtu atabisha hodi. Udhaifu wake ni matangazo. Michango ya harusi, ya ujenzi, ya msiba wa fulani. Zote ni za haki, lakini zinaweza kumeza saa nzima na sala ikabaki mlango wa kuingilia. Jumuiya inayoweka matangazo mwisho na kuyapa dakika kumi tu ni ya kuishikilia kwa mikono miwili.

Mkesha ni kitu kingine. Kanisa la kwanza lilikesha nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, Petro akiwa gerezani (Matendo 12). Kwenye mkesha mtu anaweza kulia bila kuulizwa, anaweza kusali saa mbili mfululizo jambo ambalo peke yake hajawahi kuliweza. Kwa anayepita kwenye jambo zito, au kanisa linaloomba jambo moja, sioni mbadala. Lakini kama msingi wa maisha ya sala, hapana, na nasema hivi nikijua wapo watakaokasirika. Mkesha unakula Jumamosi nzima. Mfanyabiashara wa Kariakoo anafungua duka Jumamosi, na muuguzi ana zamu. Anayetoka alfajiri akiwa peke yake, hasa mwanamke, inabidi angoje kukuche ndipo apande daladala. Hatari kubwa kuliko hizo ni mtu kuanza kuona kwamba ameshasali ya wiki, akakaa Jumatatu hadi Alhamisi mkavu, akingoja Ijumaa impandishe tena. Mkesha mmoja kwa mwezi juu ya sala ya kila siku ni baraka. Mikesha minne bila sala ya kila siku inachosha mwili na kuacha moyo palepale.

Mnyororo wa maombi hausifiwi inavyostahili. Mwaka 1727 Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, waligawana saa za siku, wanaume 24 na wanawake 24, kila mmoja saa yake, na zamu hizo ziliendelea zaidi ya miaka 100. Ni Wamoraviani haohao waliofika Rungwe mwaka 1891. Huhitaji watu 48. Watu saba, kila mmoja na siku yake ya wiki, dakika thelathini, anawaombea wale sita kwa majina; Jumapili mnaulizana yamefikia wapi. Mlinzi wa zamu ya usiku Masaki anaweza kuchukua saa nane usiku, saa ambayo hata hivyo yuko macho. Siku yako ikifika unajua watu sita wanakutegemea, na hilo linamwamsha mtu kuliko alamu.

Simu na redio

Kwa ufupi: vinasaidia kuanzisha, havisali kwa niaba yako. Radio Maria inasali rozari na masifu hewani, redio za Upendo na Wapo zina vipindi vyao vya maombi, na kwa mgonjwa asiyetoka ndani au mama anayefua uani ni neema kubwa. Biblia ya kwenye simu ina mpangilio wa kusoma na inakukumbusha. Tatizo ni kwamba simu hiyohiyo ina ujumbe wa mkopo, picha za harusi na mpira wa jana. Kwa sala ya alfajiri nunua Biblia ya karatasi, na simu ilale chumba kingine au chini ya mto mpaka umalize. Kundi la WhatsApp lenye watu 200 wanaoandika "Amina" si mnyororo wa maombi; kundi la watu saba linaweza kuwa.

Sasa uchague

Ukifanya kazi za ofisini mjini na unarudi usiku: alfajiri, dakika ishirini, Zaburi ya tarehe, kisha kipande kimoja cha Sala ya Bwana kwa namna nne za Luther. Njiani, mstari mmoja. Jumuiya Jumamosi.

Ukiwa wa zamu, askari, muuguzi au mlinzi, usijifunge kwa saa ya ukutani. Ifunge sala kwa tukio: baada ya kuoga unapotoka zamu, kabla ya kula. Jumuiya itakuponyoka mara kwa mara, kwa hiyo mnyororo wa watu saba ndio wako.

Mama mwenye mtoto mchanga asijibebeshe alfajiri wala mkesha. Rozari au sala fupi wakati wa kunyonyesha, na mapitio ya siku usiku akipata nafasi. Mwanafunzi wa hosteli ana kundi la maombi pale pale chuoni. Anachokosa ni upweke, basi atafute kanisa lililo wazi mchana.

Ukiwa umelelewa kwenye kitabu, ongeza dakika tano za kusema na Mungu kwa maneno yako, kwa sauti, kuhusu kitu kimoja unachokiogopa. Ukiwa umelelewa kwenye maombi ya kumimina moyo, chukua Masifu au Zaburi kwa mwezi mmoja na usiongeze neno lako mpaka umemaliza kusoma.

Na wewe uliyeanza ukaacha mara nyingi: usirudi na saa nzima. Dakika kumi, mahali palepale, na mtu mmoja anayejua kwamba umeanza tena. Ukikosa Jumanne, usijaribu kulipa deni lake Jumatano kwa kusoma zaburi mbili. Fungua ya Jumatano, uanze nayo.